Mlango Uliozibwa kwa Mawe

Mwezi uliopita mvua ilinikuta nikishuka kwa miguu kutoka Saint-Gilles, sina mwavuli, nikasukuma mlango wa kanisa moja la kale ili nisubiri ipungue. Sikuwa nimeingia humo kwa miaka mingi. Sijui kama umewahi kuisikia harufu ya kanisa la mawe siku ya mvua. Ni harufu ya pishi, ya nta ya mishumaa, na ya unga uliokaa sana kwenye gunia. Nilisimama karibu na nguzo ya kwanza, maji yakinichuruzika shingoni, na papo hapo nikawa na miaka tisa tena, nimeshikwa mkono na Koko, naye ameinua uso juu kama mtu anayetafuta ndege kwenye matawi.

Koko ndivyo tunavyomwita bibi sisi watu wa Bukavu. Alikuja kuishi nasi Brussels majira ya baridi, baada ya watu wenye silaha kuingia mtaani kwake na yeye kutoka na kitenge alichojifunga na mfuko mmoja wa mkononi. Mama yangu, ambaye mimi namwita maman mpaka leo, alihangaika sana kumleta, na alipompata alimtunza kama yai. Tulikaa gorofa ya tatu katika nyumba ndefu ya zamani iliyogawanywa vyumba vya kupangisha, ngazi zake za mbao zikilia kwa kila anayepita. Maman alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali kubwa kule Jette. Aliondoka na tramu ya asubuhi kabla sijaamka, akaacha chai ya tangawizi kwenye chupa na maagizo mlangoni: Koko asibebe kitu, Koko asishuke ngazi, Koko asipigwe na baridi.

Koko hakushuka. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa kiwandani, akatazama tramu zikipinda kona. Nikirudi shule aliniuliza nimekula nini, nikamjibu, naye akageukia tena dirisha. Mimi nilidhani uzee ndio huo.

Aliyemtoa ndani ni jirani yetu wa chini, mama mmoja wa Lubumbashi mwenye sauti iliyosikika gorofa zote. Siku moja alipanda na sahani ya mikate ya kukaanga, akaketi bila kukaribishwa.

"Maman, mutoto wangu banamubatiza dimanche," alisema. "Bon, kama haukuye, nitasema ulikatala mutoto."

Mtoto hakataliwi. Jumapili ile Koko alivaa koti la maman, akajifunga kitambaa kichwani, akashuka ngazi polepole huku maman akimshika kiuno. Tukateremka barabara mpaka kanisani. Na wakati watu wote walikuwa wakimwangalia mtoto akilia kwa maji ya baridi, Koko alikuwa akiangalia juu. Nguzo za kanisa lile ni nene, za mviringo, na kila moja juu ina majani ya jiwe yaliyojikunja pembeni. Koko alininong'oneza:

"Ile kule juu, ni shu?"

Nikatazama. Kweli zilikuwa kabichi, shu kama zile alizonunua maman sokoni Midi, na majani yake ya nje yamefunguka.

"Ni shu, Koko."

"Shu mu kanisa? Juu ya nini?"

Sikujua kwa nini. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kuniuliza swali ambalo halikuhusu tumbo langu. Jumatano iliyofuata, siku ambayo shule za huku hufungwa mchana, nilimkuta Koko amekwisha kuvaa koti, amekaa kitako kitandani, mkoba magotini.

"Tuende tukaone zile shu," alisema.

Hivyo ndivyo majira yetu yalivyoanza. Kila Jumatano tulikwenda, na maman hatukumwambia.

Kanisa lilikuwa na mlinzi, mama mzee wa Kibelgiji aliyevaa sweta la kijivu na kubeba tita la funguo lililomvuta mfuko upande mmoja. Tulimwita Madame wa funguo. Mwanzoni alitufuata kwa macho tu. Alipoona tumerudi tena na tena, na kwamba hatukuja kusali wala kujikinga na baridi, alitusogelea akatuuliza tunatafuta nini. Koko alikuwa na Kifaransa cha shule ya misheni, kidogo na cha adabu nyingi. Kikimwishia aligeukia Kiswahili na mimi nikafanya kazi ya kutafsiri.

"Muulize, ni banani balijenga hii nyumba."

Madame alisema ni waashi, maseremala, na wachimba mawe. Kwamba jiwe lile jeupe lenye rangi ya mchanga lilichimbwa karibu na mji na kuletwa kwa mikokoteni ya farasi. Na kwamba kazi ilichukua vizazi. Aliyeweka jiwe la chini hakuona paa. Wala mwanawe hakuliona.

Koko alikuwa na swali jingine. "Alors, muke yake alikuwa anamupikia nini, ule mwenye alianza?"

Nilitafsiri kwa aibu. Madame alicheka, lakini alifikiri kwelikweli. Akasema huenda ni uji wa nafaka, mkate mweusi, na kabichi.

"Njo ile!" Koko alipiga kofi moja, mlio ukaruka mpaka kwenye madhabahu na kurudi. "Unaona? Balichonga chakula chabo."

Madame hakubisha. Alisema mafundi wa mji huu walipenda majani yale, na makanisa mengi ya hapa yanayo, lakini hakuna aliyewahi kumpa sababu nzuri kama hiyo.

Tangu siku hiyo alitufundisha kutazama. Alituonyesha kwamba lile halikuwa kanisa moja bali mawili yaliyoshonwa pamoja. Nyuma ya madhabahu ndiko kwenye ukongwe: matao ya mviringo, kuta nene kama ngome, madirisha madogo yanayoingiza mwanga kwa ubahili. Huko ndani hata sauti yangu ilikuwa nzito. Kisha ukirudi mbele matao yanachongoka, kuta zinakuwa nyembamba, madirisha yanapanda juu kabisa na mwanga unashuka wa bluu na mwekundu mpaka miguuni. Sehemu moja iliwahi kuungua, Madame alisema, na waliojenga upya walikuwa wamejifunza mambo ambayo babu zao hawakuyajua.

"Bale ba kwanza baliogopa mawe itaanguka," alisema Koko. "Bale ba nyuma balikuwa banajua tayari."

Na kwa nini hayaanguki? Hilo aliliuliza yeye pia, shingo ameipinda nyuma, akitazama mbavu za mawe zinazokutana juu kabisa. Madame alitupanga tukabiliane mimi na Koko, tukabandika viganja vyetu pamoja juu ya vichwa, Koko akiinama kwa sababu ya ufupi wangu. Akatuambia turudi nyuma hatua kidogo na kuegemeana. Tukaegemeana. Nilihisi uzito wake wote mikononi mwangu, mikono yake mikavu na ya moto. Madame akasema: hilo ndilo tao, kila upande unataka kuanguka, na ndiyo maana hakuna unaoanguka. Kisha akaja nyuma yangu akaniegemeza mgongo kwa mikono miwili, akasema na zile nguzo za nje zilizoinama ukutani kazi yake ni hii. Koko alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti ile.

Tulizoea. Tulikuwa na viti vyetu, vile vya majani yaliyosukwa, karibu na nguzo ambayo jua liliifikia alasiri. Tulitafuta alama za waashi kwenye mawe, nyota, msalaba, mfano wa samaki, kila fundi na yake. Koko alizipitishia kidole kila alipozipata, akazisalimu: "Jambo, papa." Tukirudi nyumbani tulipita harufu ya gofri, mikate ya sukari ya huku, karibu na gare ya treni, tukanunua moja ya kugawana, na sukari tukajifuta kabla ya kupanda ngazi.

Halafu tukauona ule mlango.

Ulikuwa kwenye ukuta wa kaskazini, upande wa zamani, nyuma ya sanamu ambayo mafundi waliisogeza ili kuanza kukarabati. Mlango mdogo, mwembamba, umezibwa kwa mawe ya rangi tofauti kidogo. Karibu yake, chini, kwa kimo cha mtu aliyepiga magoti, palikuwa na kidirisha kidogo cha mraba chenye chuma kimoja katikati. Nilitia jicho: giza. Nilitia pua: vumbi na ubaridi.

"Kuna nini ndani?" tuliuliza wote wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Madame aliteremsha sauti. Alisema hakuna ajuaye kwa hakika, lakini yeye aliamini ni chumba cha mwanamke wa kujifungia. Zamani zile, alieleza, palikuwa na wanawake waliochagua kuishi peke yao katika kijumba kilichobanana na ukuta wa kanisa. Siku ya kuingia walisomewa sala za maziko. Kisha mlango ukazibwa. Kila mmoja akabaki na kidirisha cha kuona madhabahu na kingine cha kupokea chakula, na hakutoka mpaka kufa.

Nilitafsiri yote, hata maziko. Nilifurahi kwamba hadithi ni ya kutisha. Lakini Koko hakuonyesha kutishika wala kufurahi. Alichuchumaa kwa taabu, akashika kile chuma, akatazama gizani.

"Alijifunga yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ao bantu benye balimupenda njo balimufunga?"

Nilimuuliza Madame. Madame alisema ni yeye mwenyewe, kwa hiari, kwa ajili ya Mungu. Koko akaitika, lakini hakuuachia ule ukuta mpaka nilipomwambia maman atarudi kabla yetu.

Wiki kadhaa alikuwa na maswali ya mwanamke yule tu. Alikuwa na umri gani? Nani alimletea maji? Alipofiwa na mama yake alisikia kengele na kujua ni za nani? Mimi nilibuni majibu na yeye akayapima, akayakubali au kuyakataa. Halafu jioni moja mezani, maman akipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani, Koko alisema kwa utulivu:

"Mutoto wangu, ninataka kurudia Bukavu."

Maman aliweka kijiko. "Kufanya nini, maman? Nyumba wamevunja milango. Hapa uko salama."

"Niko salama, ndiyo. Lakini niko fasi gani? Niko ku étage ya tatu. Unaniletea chakula, unafunga mlango, unaenda. Mwishowe muko mutanisomea misa."

"Misa gani?"

Hapo ilibidi nieleze: kanisa, Jumatano, Madame, mlango uliozibwa. Maman alinitazama kwanza, halafu akamtazama mama yake, na nikaona uso wake ukifanya mambo mawili, kukasirika na kuumia, bila kuchagua moja. Alisema amefanya kazi usiku na mchana kumleta. Akataja magoti ya Koko, moyo wake, shinikizo lake la damu. "Hata ngazi hizi hauwezi kuzipanda peke yako!" Kisha akaenda jikoni akaosha sahani ambazo hatujazimaliza.

Walikaa siku nyingi wakisemezana mambo ya lazima tu. Chumvi. Dawa. Funguo. Mimi nilimlaumu mwanamke wa ukutani, kana kwamba alitoka usiku akaja kwetu kuwagombanisha.

Majira yalipogeuka na jua kuanza kukaa mpaka jioni, mafundi wa ukarabati waliufungua ule mlango. Parokia ikatangaza alasiri ya kuwakaribisha majirani wote waje kuona kazi ilivyofikia. Jirani wa chini alimwambia maman kwamba tutakwenda sote, na kwamba atambebea Koko mkoba; kumkatalia mama yule hatukuwahi kuweza. Maman alikuja akiwa amevaa viatu vya kazini, uso umefungwa.

Palikuwa na watu wengi, wazee wa mtaa, vijana wa Kimoroko na mama zao, watoto wakikimbizana kwa mwangwi. Mlango ulikuwa wazi. Pembeni alisimama mwanamke mchanga mwenye kofia ngumu, msanifu aliyesimamia kazi, na Madame wa funguo kando yake, amekunja mikono, mwekundu kama mtu aliyekamatwa.

Hakikuwa chumba. Ilikuwa ngazi.

Ngazi ya mawe, nyembamba, iliyojizungusha ndani ya unene wa ukuta kupanda mpaka juu ya dari. Msanifu alieleza kwamba mafundi waliijenga ili waweze kufikia paa, na walioizibua na kuiziba walifanya hivyo zaidi ya mara moja, kwa kadiri ya haja. Kidirisha kilikuwa cha kuingizia mwanga tu. Kilikuwa chini kwa sababu sakafu ya kanisa iliinuliwa baadaye.

Nilimtafsiria Koko. Alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Hakuwako?"

"Hakuwako, Koko. Si hapa."

Alitazama ule mlango, akamtazama Madame, na kicheko kikaanza tumboni kikapanda. Akamshika Madame mkono, na wale wazee wawili wakacheka mpaka wakafutana machozi, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili. Kisha Koko akamuuliza msanifu kwa Kifaransa chake cha misheni kama inaruhusiwa kupanda.

Maman alisema hapana kabla msanifu hajafungua mdomo. Lakini Koko alikuwa amekwisha kuvikwa kofia ngumu juu ya kitambaa chake na kuweka mguu kwenye jiwe la kwanza. Vikundi vidogo viliruhusiwa, msanifu mbele akimulika. Koko akamfuata, mimi nyuma yake, maman nyuma yangu, mikono ameinyoosha tayari kumdaka mtu atakayeanguka.

Hakuna aliyeanguka. Ngazi zilikuwa zimelika katikati na miguu ya watu wa zamani, kila moja kama bakuli dogo, na Koko aliweka wayo wake katika kila bakuli bila haraka. Alishika ukuta. Hakusimama. Mimi nilisikia pumzi mbili gizani, moja iliyotulia mbele yangu na nyingine iliyohema nyuma, na ilinichukua muda kutambua kwamba anayehema ni maman.

Juu palikuwa na dunia nyingine. Umewahi kuona kuba za kanisa kutoka upande wa mgongo? Chini ni mbavu safi na maua ya rangi. Juu ni matuta ya mawe makavu, yasiyosawazishwa, yamepangana kama vyungu vilivyofudikizwa baada ya kuoshwa. Juu yake misitu ya boriti za mwaloni. Hakuna aliyehangaika kuzipendezesha kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuziona. Koko alisimama kwenye njia ya mbao, akasema polepole, "Kumbe bako na jiko yabo huku nyuma."

Palikuwa na dirisha la bati lililofunguliwa, na kupitia hapo mji wote ulilala mbele yetu. Paa za vigae, dohani nyekundu, kuba ya jumba la mahakama na jukwaa lake la mafundi lisiloondolewa, reli zikiingia gare kama nyuzi. Koko alikuwa ameishi humo karibu nusu mwaka na alikuwa hajauona.

"Nyumba yetu iko wapi?"

Maman alinyoosha kidole upande wa mnara mrefu ulio karibu na gare. Kisha akasema, bado akitafuta pumzi, "Donc, maman. Umeona hakuna muntu wa kufungwa. Utabaki?"

"Apana, mutoto wangu. Nitaenda." Koko alimgeukia, kofia imemlalia upande. "Ile siku nilisema juu niliogopa. Leo nasema juu ninataka. Si kitu kimoja."

Maman alimsogelea. Alimwekea sawa ile kofia, akamfunga ukanda wake chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto, na mkono wake ukabaki shavuni kwa Koko. Ndipo nilipojua kwamba ameshakubali, na nikaanza kulia, kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi.

Aliondoka mwisho wa kiangazi, mtaa wake ulipotulia kiasi cha ndugu kusema aje. Kabla ya hapo maman alichukua likizo, na Jumatano zile za mwisho tulikwenda watatu. Koko aliishi Bukavu miaka mingine mingi, kwa shemeji yake, akauza samaki wa kukaanga barazani na kugombana na kila mtu kwenye simu kwa furaha. Alifariki akiwa amelala, nyumbani. Sikuweza kwenda kumzika.

Mvua ilipungua mwezi uliopita nikiwa bado nimesimama pale. Kanisa halijabadilika, mawe hayana haraka. Ila ule mlango sasa una bamba la chuma lenye kufuli, kwa usalama. Madame wa funguo hayupo, na kijana niliyemuuliza habari zake hakujua kwamba aliwahi kuwako. Jirani wa chini alihamia Liège kwa mwanawe. Viti vya majani vimeondolewa, wameweka vya plastiki vinavyopangika. Nyumba yetu ya Saint-Gilles imepakwa rangi, na ngazi zake wameziwekea zulia, hazilii tena.

Siku hizi nikiwa na swali natoa simu, na jibu linafika kabla sijaanza kushangaa. Sahihi, fupi, na nusu saa baadaye nimelisahau. Wakati ule tulikaa na swali moja kuanzia baridi mpaka joto, bibi na mjukuu, tukiligeuza kila upande, tukakosea, na kukosea kwenyewe kukatufikisha mahali. Mawe nimeyakuta yote. Ule muda sikuukuta, na sikujua nimuulize nani.